Popo Aliyepoa Si Popo Aliyekufa: Somo la Joto la Mwili kwa Wakazi wa Kwa Vonza

Julai ni mwezi wa baridi katika sehemu nyingi za Ukambani. Asubuhi ya mwezi huo, mwanafunzi anayefika shuleni mapema anaweza kumkuta popo mdogo chini ya ukuta wa darasa. Hatikisiki. Ukimtazama huoni hata kama anapumua. Mtoto humwokota akidhani amekufa, akamweka kiganjani ili awaonyeshe wenzake. Baada ya dakika chache popo anaanza kutetemeka, anafungua macho, kisha anamuuma.

Popo huyo hakufufuka, kwa kuwa hakuwa amekufa. Alikuwa amezima moto wa mwili wake kwa makusudi ili asitumie chakula bure, na kiganja cha mtoto kikamrudishia joto. Somo hili linaeleza jinsi popo anavyopandisha na kushusha joto lake, jinsi wataalamu wanavyolipima, na kwa nini jambo hilo linamhusu kila mwenye nyumba ya mabati, kila mwalimu na kila mzazi, kuanzia Kwa Vonza hadi Makueni.

Mnyama mwenye swichi

Mwili wa binadamu hukaa karibu na nyuzijoto 37 mchana na usiku. Ukishuka au kupanda kwa nyuzi chache tu, mtu huyo ni mgonjwa. Popo ni mnyama mwenye damu ya joto kama sisi, hunyonyesha kama sisi, lakini wengi wao hawafuati sheria hiyo. Akiruka kuwinda, misuli ya mabawa humpandisha hadi nyuzijoto 40 au zaidi, na moyo wake unaweza kudunda mamia ya mara kwa dakika, hata kukaribia 1,000. Akirudi kupumzika mahali penye baridi, anaweza kuuacha mwili upoe mpaka ukaribiane na joto la ukuta anaoning'inia. Moyo unapungua mwendo, pumzi zinaachana, na mwili unakuwa mzito. Hali hiyo tutaiita kuzizima.

Sababu yake ni hesabu ya chakula. Popo mla wadudu wa aina ndogo ana uzito wa gramu chache tu. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Kuuweka mwili huo kwenye nyuzijoto 37 usiku wa baridi kunahitaji kula bila kukoma, na usiku wa baridi ndio wakati wadudu wanapokuwa wachache. Popo hufanya kama mwenye duka anayezima taa wakati hakuna wateja.

Katika nchi zenye theluji jambo hili hufika mbali zaidi. Popo mdogo wa kahawia wa Amerika Kaskazini huingia pangoni majira ya baridi yakianza na kukaa humo kwa miezi mingi bila kula, mwili wake ukiwa na nyuzijoto chache tu juu ya sifuri na moyo ukidunda polepole mno. Hutegemea mafuta aliyojiwekea mwilini. Kila baada ya siku au wiki kadhaa huamka kwa muda mfupi, na kule kuamka ndiko kunakomgharimu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ya msimu mzima huishia katika saa hizo chache za kujipasha joto.

Popo wa Kitui hawalali miezi sita, kwa maana hakuna theluji ya kuwalazimisha. Hata hivyo swichi ni ileile. Popo wengi wa Afrika wanaokula wadudu huzizima kwa saa chache, mara nyingi kuanzia usiku wa manane hadi jua lipashe mabati au mawe. Hali hiyo imeonekana, kwa mfano, huko Mpumalanga, Afrika Kusini, kwa popo aitwaye kisayansi Mops condylurus. Huyu ni popo wa paa ambaye mkia wake unachomoza nje ya ngozi ya mabawa, na anapatikana katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo.

Joto la mnyama mdogo hupimwaje?

Zamani mtafiti alimshika popo na kumpima kwa kipimajoto chembamba. Tatizo ni kwamba popo aliyeshikwa hushtuka, na akishtuka anaanza kujipasha joto. Kipimo kinakuwa cha popo aliyeamshwa, si cha popo aliyelala. Kwa sababu hiyo zilitafutwa njia za kumpima bila kumsumbua.

Njia ya kwanza ni kifaa kidogo cha redio. Mtafiti hupunguza manyoya kidogo mgongoni, kati ya mabega, na kukibandika kifaa hapo kwa gundi isiyodhuru ngozi. Kifaa hutoa mlio mfupi mfupi unaosikika kwenye redio yenye antena. Ngozi ikiwa na joto, milio hufuatana kwa haraka. Ikipoa, milio huachana. Mtafiti huhesabu milio na kujua nyuzijoto akiwa mbali. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama. Kwa popo wa gramu 10, hiyo ni nusu gramu. Baada ya muda gundi huachia na kifaa huanguka.

Njia ya pili ni chembe ndogo inayowekwa chini ya ngozi, ambayo husomwa kwa kifaa kilichowekwa karibu na mlango wa pango au tundu la paa. Ya tatu ni kamera inayoona joto badala ya mwanga. Katika picha yake popo aliye macho hung'aa, na aliyezizima hufanana rangi na ukuta.

Njia ya nne ni kupima pumzi. Popo huwekwa kwenye chombo chenye hewa inayopita, na mtafiti hupima hewa aliyoivuta na aliyoitoa. Kiasi hicho huonyesha mwili unachoma chakula kwa kasi gani. Inaonekana kuwa njia ya mzunguko, lakini utafiti uliofanywa Madagaska ulionyesha kwamba bila hiyo mtu anaweza kudanganyika.

Funzo la Madagaska: kuzizima kwenye joto

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mnyama aliyezizima lazima awe baridi. Mwaka 2004 mtafiti Kathrin Dausmann na wenzake walitangaza kwamba kuna komba mdogo wa Madagaska anayelala miezi saba ndani ya tundu la mti, katika nchi ya joto. Joto la mwili wake lilipanda mchana na kushuka usiku likifuata joto la mti. Huo ulikuwa ushahidi kwamba usingizi wa msimu si wa nchi za theluji peke yake.

Mwaka 2021 Stephanie Reher na Dausmann walichapisha matokeo kuhusu popo mkubwa wa kisiwa hichohicho, Macronycteris commersoni. Ndugu zake wa karibu wanaishi katika mapango ya Kenya. Katika joto kali la mchana, mwili wa popo huyo ulipanda hadi karibu nyuzijoto 43. Mtu angedhani mnyama anahangaika. Lakini kipimo cha pumzi kilionyesha kinyume: alikuwa amepunguza sana uchomaji wa chakula. Alizima moto wa ndani ili asiongeze joto juu ya joto la nje, akaokoa maji ambayo angeyatumia kujipoza. Kwa wakazi wa nchi kavu jambo hili linaeleweka upesi. Wakati wa kiangazi maji hubanwa kuliko chakula.

Popo wa paa naye ana ustahimilivu wake. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulieleza jinsi Mops condylurus anavyochagua vyumba vya moto ambavyo mamalia wengi wangevikimbia, ambamo joto hupita nyuzijoto 40. Anauacha mwili upande badala ya kupigana na joto. Kwa popo kama huyo nafasi kati ya dari na mabati ni nyumba inayofaa. Usiku anazizima bila gharama, na asubuhi jua humpasha bure.

Hapo ndipo lilipo fundisho kuu: joto la popo hufuata joto la makao yake. Anayeyagusa makao, kwa moshi, kwa moto, kwa mwanga au kwa simiti, anaugusa mwili wa popo moja kwa moja.

Makosa matatu ya nyumbani

Kosa la kwanza ni moshi. Watu huwasha moto chini ya dari, ndani ya pango au kwenye shina la mbuyu lenye uwazi ili kufukuza popo. Popo aliyezizima hawezi kuruka papo hapo. Anahitaji dakika kadhaa, wakati mwingine nusu saa, kutetemesha misuli mpaka mwili upate joto la kurukia. Moshi humkuta kabla hajawa tayari, naye huanguka sakafuni. Badala ya popo 50 darini, familia inakuwa na popo 50 chini, mahali watoto, mbwa na kuku wanapopita. Mbuyu nao ukishika moto ndani unaweza kuangamia, pamoja na matunda ambayo familia nyingi za Kitui na Makueni huyauza.

Kosa la pili ni kuziba matundu kwa haraka. Fundi huja jioni, anasubiri popo watoke, kisha anaziba. Usiku wa baridi si popo wote wanaotoka. Baadhi hubaki wamezizima. Hao hufungiwa ndani na kufa, na harufu yao hukaa kwa wiki nyingi. Ikiwa ni wakati wa kuzaa, wanaofungiwa ni watoto wasioweza kuruka. Mtafiti Festo Mutere, aliyechunguza popo wa paa wa nchi za ikweta, alichapisha mwaka 1973 kwamba popo hawa huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa ujumla popo wala wadudu huzaa wadudu wanapokuwa wengi, yaani kuandamana na mvua. Ukambani mvua hizo ni za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Kosa la tatu ni kushika kwa mkono mtupu. Popo wengi hawana ugonjwa wowote wa kumpa mtu, na nchini Kenya mbwa ndiye anayesambaza kichaa cha mbwa kwa wingi. Hata hivyo, mwaka 2009 virusi vya ukoo wa kichaa cha mbwa vilipatikana kwa popo wa pangoni Shimoni, Kaunti ya Kwale, vikapewa jina la mahali hapo. Mwaka 2018 virusi viitwavyo Bombali, vya ukoo wa Ebola, vilipatikana kwa popo wa paa katika milima ya Taita. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi vya Bombali, na kupatikana kwake si sababu ya kuua popo. Ni sababu ya kutowagusa. Wapo wanasayansi waliopendekeza mwaka 2014 kwamba joto kubwa la mwili wakati wa kuruka, linalofanana na homa ya kila usiku, ndilo linalowasaidia popo kuishi na virusi bila kuugua. Wazo hilo bado linachunguzwa.

Kwa nini wasiuawe tu?

Popo wala wadudu hufanya kazi shambani wakati mkulima amelala. Watafiti waliochunguza kinyesi cha popo wa paa nchini Eswatini, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, walikuta mabaki ya wadudu wa aina nyingi, wakiwemo wanaoharibu mazao. Popo wala matunda nao huyatembelea maua ya mbuyu, ambayo hufunguka jioni, na huhamisha chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Yanayotokea popo wakipotea yameonekana Marekani. Mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, popo walipigwa picha wakiwa na ukungu mweupe puani. Ukungu huo hupenda baridi na humshambulia popo akiwa amezizima. Humfanya aamke mara kwa mara katikati ya majira ya baridi, na kila akiamka huchoma mafuta yake, mpaka akafa njaa kabla wadudu hawajarudi. Mamilioni ya popo wamekufa hivyo. Ukungu huo haukui katika joto linalopita nyuzijoto 20 hivi, kwa hiyo mapango mengi ya kwetu yenye joto si mahali pake. Lakini njia iliyowaua ni ileile ambayo binadamu anaweza kuisababisha kwa tochi na kelele. Mwaka 1995 mtafiti Donald Thomas alionyesha kwamba watu wakiingia pangoni hata bila kumgusa popo, popo huanza kuamka na pango hukosa utulivu kwa saa kadhaa baada ya wageni kuondoka.

Hilo linahusu mapango ya volkano ya vilima vya Chyulu upande wa Makueni, na mibuyu yenye uwazi kote Ukambani. Anayepita hapo mchana anafaa kutazama kutoka nje na kwenda zake.

Jinsi ya kuwatoa popo darini bila kuwadhuru

1. Chagua wakati. Miezi inayofaa ni ya ukavu ambapo baridi imepungua, hasa mwisho wa Agosti na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba. Kwanza hakikisha hakuna watoto. Sauti nyembamba zinazoendelea darini baada ya wakubwa kutoka ni dalili kwamba wapo.

2. Jua milango yao. Kaa nje jua linapozama, jioni mbili au tatu, uone matundu wanayotumia. Madoa meusi na kinyesi ukutani pia huonyesha njia.

3. Weka mlango wa kutoka tu. Ning'iniza kipande cha wavu laini au plastiki juu ya tundu, kikifungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini. Popo hutambaa na kutoka kwa chini, lakini akirudi hutua kwenye tundu la zamani na kukuta limefunikwa.

4. Subiri angalau wiki moja. Usiku mmoja hautoshi, kwa sababu aliyezizima jana atatoka siku yenye joto. Hesabu jioni mpaka pasitoke hata mmoja.

5. Ziba kwa simiti, mbao au wavu wa chuma.

6. Safisha kinyesi kikiwa kimelowa. Kinyunyizie maji kwanza ili vumbi lisipande, funika pua na mdomo, vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Usikifagie kikiwa kikavu.

Akikutwa popo chini

Asiguswe kwa mkono mtupu, hata akionekana mfu. Watoto na mbwa waondolewe. Mtu mzima mwenye glavu nene, au anayetumia sanduku na kipande cha kadibodi, amsogeze mahali palipoinuka penye kivuli, kama kwenye gome la mti. Jua likipanda na mwili ukipata joto, popo mzima huondoka mwenyewe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo na aeleze kwamba ni popo. Meno ya popo ni madogo na alama yake inaweza isionekane. Hilo lisimfanye mtu anyamaze. Mtoto aambiwe mapema kwamba hataadhibiwa kwa kusema ukweli, kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa huokoa maisha ikitolewa kabla dalili hazijaanza.

Somo la darasani

Shule inaweza kujifunza jambo hili bila kumkaribia popo. Vinahitajika vipimajoto viwili na daftari. Kimoja kining'inizwe kivulini nje. Cha pili kining'inizwe chini ya mabati ya chumba kisicho na popo, na mtu mzima ndiye apande. Wanafunzi wasome vyote saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni kwa wiki mbili, mara moja Julai na mara moja Oktoba. Wajiulize: ni saa ngapi mabati huwa baridi kuliko hewa ya nje? Ni saa ngapi huwa moto zaidi? Mnyama wa gramu 10 anayeishi hapo angezizima lini, na angeamka lini?

Mkazi mwenye popo wengi nyumbani, shuleni au kanisani anaweza kumwona afisa wa afya ya umma wa eneo lake, au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla ya kuwasha moto au kumwita fundi. Na mzazi awaambie watoto wake leo: popo aliyelala chini hashikwi, anaitiwa mtu mzima.